Ulinganisho: kukodi chumba mjini au kuandika nyumbani usiku?

Mwandishi_Igoma: Habari za jioni wakuu. Nina kazi tatu mkononi: tafsiri, mchezo wa redio na riwaya yangu mwenyewe. Nyumbani kuna watoto. Nimepata chumba Mabatini, hapa Mwanza mjini, mwenye nyumba anataka jibu Ijumaa. Nichukue, au niendelee kuandika usiku wakishalala?

MamaPacha: Watoto wangapi, wa umri gani? Kodi shilingi ngapi? Mwenzio anasemaje? Mbona hujatueleza?

Kalamu_Nyegezi: Na tarehe za kukabidhi je? Mimi ni mtu wa alfajiri. Naamka saa kumi, kunapopambazuka nina kurasa tatu. Ya usiku mengi nilikuwa nayafuta asubuhi.

Fundi_Maneno: Kabla ya kulipa, kashinde pale siku nzima. Mimi nilikodi fremu, nikalipa miezi sita kwa mkupuo. Mwezi wa pili jirani akahama, akaingia fundi wa kuchomelea mageti. Kuanzia saa mbili asubuhi ni kukata vyuma tu, na akiwasha mashine umeme unashuka, kompyuta yangu ya mezani inazima. Narudi nyumbani usiku na nusu ukurasa. Siku moja nikazima simu nimalize tafsiri, mwanangu akapandisha homa shuleni. Walimu wakapiga hadi wakachoka, jirani ndiye aliyempeleka zahanati. Malaria. Tafsiri yenyewe niliichelewesha siku nne, mteja hakunipa kazi tena. Tangu siku hiyo sizimi simu.

Sangara84: Pole sana mkuu. Ila tatizo ni kazi tatu, si chumba. Aache redio.

MamaPacha: Redio ndiyo inayolipa ada! Hata Kezilahabi wetu wa Ukerewe alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huku akiandika riwaya.

Sangara84: Alikuwa na mshahara, dada. Huyu analipwa akikabidhi.

Kalamu_Nyegezi: Maktaba ya mkoa je? Pale hulipi kodi ya pango.

Msengerema: Mimi huja hapo kila wiki. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sisubiri kivuko, ingawa foleni ile ndiyo niliyokuwa nahakikia miswada.

Fundi_Maneno: Kwani siku hizi gari zinapakia wapi hapo Sengerema?

Mwandishi_Igoma: Samahani, nilikuwa nalaza watoto. Ni watatu, mdogo ana miezi minane. Mke wangu ni muuguzi, wiki hii yuko zamu ya usiku.

MamaPacha: Kumbe usiku mlezi ni wewe! Ratiba yake ya mwezi ujao imetoka?

Mwandishi_Igoma: Bado.