Entebbe mpaka Mumbai ni masaa mangapi kwa kweli? Naenda na mama mgonjwa

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Mama ana miaka 68, moyo unamsumbua, daktari katuandikia barua twende India. Sasa tiketi inasema tunatoka Entebbe 20:15 tunafika Mumbai 04:50, nikihesabu naona masaa nane na nusu na zaidi, lakini shemeji anasema ndege ni masaa sita tu. Nani yuko sawa? Miguu yake inavimba, tulivyotoka Arua na basi hata Karuma hatujafika viatu vilikuwa vimeshakataa, akavua akakaa amefunga miguu na leso mpaka Kampala. Naogopa sana. Na ajenti anasema tukipitia Dubai bei inashuka.

Baba Twins, Bombo: Shemeji yuko sawa ndugu yangu. Tiketi inaandika saa ya kila mji kwao, na India wako mbele yetu masaa mawili na nusu, toa hayo inabaki sita na dakika tano. Hewani ni kama km 4,900, ndege kubwa inaenda kama km 850 kwa saa. Siku ya kurudi utaona saa inaonyesha muda mfupi, usishangae, ni hesabu hiyo hiyo imegeuka.

Mama Shadia: Dubai na mgonjwa wa moyo hapana kabisa! Entebbe Dubai peke yake km 3,700, masaa kama matano, halafu tena karibu masaa matatu mpaka Mumbai, na kusubiri katikati. Baba yangu nilimpitisha njia ya kuunganisha tukakaa masaa saba kwenye viti, alifika hawezi kusimama, mpaka leo inaniuma. Panda ya moja kwa moja, Uganda Airlines walianza hiyo njia 2023. Omba kiti cha magurudumu mapema, hawalipishi, na akae kiti cha pembeni mwa njia ili asimame atembee kila saa. Soksi za kubana muulize daktari kwanza.

Nesi_Mbale: Dawa anakunywa saa ngapi?

Mwenye uzi: Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku.

Nesi_Mbale: Basi, dawa ya usiku anywe hapo hapo uwanjani kabla hamjaruka. Ya asubuhi itakuwa saa nne na nusu ya Mumbai, usifuate saa ya ukutani kule ukampa mapema, acha saa yako ya mkononi ibaki ya Uganda. Dawa zote begi la mkononi. Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, wote wawili, chanjo iwe imepita siku 10 kabla ya kufika.

Mwenye uzi: Asanteni sana jamani. Ajenti nimeshamwambia Dubai tumeacha. Kadi yangu ninayo, ya mama iko Arua kwenye sanduku, mdogo wangu anaituma na basi la leo usiku. Kutoka Kampala tuanze saa ngapi?

Baba Twins, Bombo: Ni km 40 tu lakini jam unaijua. Muwe uwanjani saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tokeni saa nane mchana, mama asikimbizwe.