Mistari ya betri ya baiskeli ya umeme hupotea mlimani kisha hurudi: niamini ipi?

Muulizaji, Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Natumia baiskeli ya umeme yenye betri ya lithiamu ya volti 36 na ampea-saa 10 kwendea skuli ninakosomesha, upande wa Chake Chake. Geji yake ina mistari mitano. Nikipanda mlima hubaki miwili, nikifika tambarare inarudi kuwa minne, na mistari ya mwisho huisha haraka mno kuliko ile ya kati. Je, betri imechoka, au geji ndiyo isiyosema kweli? Baiskeli hii ni nzito, na chaji ikinikatikia njiani, kuisukuma katika vilima vyetu ni taabu kubwa.

Fundi, Darajani
Waalaykumu salaam, maalim. Uliyoyaeleza hayatoshi kuihukumu betri. Geji nyingi za mistari hazipimi umeme uliobaki, bali hupima volti za wakati huo tu, na volti hushuka kila mota inapovuta umeme mwingi. Betri yako ina seli 10 katika mfululizo. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, yaani volti 42 kwa pakiti nzima, na umeme hukatwa karibu na volti 30. Tuseme ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyouzuia umeme unaopita ndani yake, ni omu 0.2 na mota inavuta ampea 15 mlimani: volti 3 hupotea ndani ya betri yenyewe, na hizo ni robo ya nafasi yote ambayo geji inaigawa kwa mistari. Mota ikipumzika, volti hurudi.

Ama kuhusu mistari ya mwisho, volti za lithiamu hushuka polepole sana katikati ya chaji, kisha huporomoka zinapokaribia mwisho. Kwa hiyo mstari mmoja wa kati unaweza kukupeleka mbali, na wa mwisho usikufikishe popote. Isome geji baada ya kusimama dakika chache, wala si ukiwa unapanda.

Mpanda baiskeli, Mkoani
Naongeza kwamba hesabu ya umbali ni ya kuaminika zaidi kuliko mistari. Volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Kwa mtu anayekanyaga pedeli kwa bidii, wati-saa 10 hadi 15 kwa kilomita ni kadirio la haki, ingawa vilima, upepo wa kusi na mzigo huongeza matumizi. Weka akiba ya robo. Nunua pia multimita, kifaa kidogo cha kupimia volti: ikiwa baada ya kuchaji kikamilifu betri inasoma chini sana ya volti 42, huenda chaja ina kasoro au kuna kundi la seli lililodhoofika, na hapo ndipo fundi aifungue.

Muulizaji, Wete
Ahsanteni sana. Nimeshauriwa niimalize chaji yote kabisa ili geji ijirekebishe. Ni sahihi?

Fundi, Darajani
Kwa geji ya volti hakuna cha kurekebisha, na kuikausha betri kila mara huifupishia umri. Ushauri huo unazihusu geji za aina nyingine, zinazohesabu umeme unaoingia na kutoka, ambazo makosa yao madogo hujikusanya mpaka betri ijazwe kikamilifu na hesabu ianze upya. Hata hizo mara nyingi huhitaji kujazwa tu. Kwako wewe, angalia jambo moja: ikiwa kilima kile kile, kwa mwendo ule ule na betri iliyojaa, kinafuta mistari mingi zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana, basi ukinzani wa ndani umeongezeka, na betri inazeeka kweli.