Aliyeniambia "fungua dirisha": fundi huyu wa hita za magari mnamjua nyote, na leo nimemchoka

Mwosha Vioo wa Kabale aliandika:

Ndugu zangu, ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, na jina lake sitalitaja kwa sababu hakuna hata mmoja humu asiyemjua. Ni yule yule wa hita za magari, mwenye koti la kijani asilolivua hata jua likiwa la utosi, ambaye kila mteja akimwuliza swali humwita "mwanafunzi wangu". Asubuhi ya leo, mbele ya vijana wangu wa kazi na mbele ya mama anayetuuzia chai, nilimwuliza jambo moja tu: moshi wa hita hii utatokea wapi? Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha akanijibu: "Si unaosha madirisha, ssebo? Basi fungua dirisha."

Fungua dirisha!

Sisi tunaosha vioo vya hoteli na nyumba za wageni kuanzia mjini Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, mpaka Ziwa Bunyonyi, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na anayezijua asubuhi za Juni na Julai za huku anajua kwamba maji ya tangi lililolala nje hufanya vidole vife ganzi kabla ghorofa ya kwanza haijaisha. Ndiyo maana nilitaka hita ya maji ya kufungwa ndani ya gari, kama waosha vioo wa Uingereza wanavyofanya katika majira yao ya baridi. Nilimwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kwamba ninataka hita ya dizeli iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, yenye chumba cha moto kilichozibwa, inayovuta hewa yake kutoka nje ya gari na kutoa moshi wake nje kwa bomba la chuma linalopita chini ya sakafu.

Nilichokikuta garini ni hita ya gesi ya kuogea kambini, ile ya kutundikwa ukutani nje ya nyumba. Haina dohani ya aina yoyote. Imepigiliwa kwenye ubao nyuma ya kiti cha dereva, na mtungi wa gesi umelazwa ubavu chini yake kama mgonjwa anayesubiri zamu. Kwenye hita yenyewe kuna karatasi iliyobandikwa na kiwanda inayosema itumike nje tu. Nilimwonyesha kwa kidole. Akaisoma, akasema kwamba gari likiegeshwa nje, basi na hita nayo iko nje.

Hapa Kigezi ni nani asiyejua habari za sigiri? Watu huingiza sigiri ya makaa chumbani kwa sababu ya baridi, hufunga mlango, na kunapokucha majirani huuvunja mlango huo. Gesi inayowaua ni kaboni monoksidi, na gesi hiyo hiyo hutoka kwenye hita ya gesi inayokosa hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu, na damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Kijana wangu akipata dalili hizo atasema ni malaria, atameza dawa, kisha atarudi kukaa ndani ya gari lile lile. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia sakafuni, na sakafuni mwa gari langu hakuna hata tundu moja la kuitoa. Dirisha liko juu. Gesi iko chini. Lakini yeye amesema nifungue dirisha! Hata ningefungua madirisha yote kuanzia Katuna mpaka Kisoro, yakiwemo ya makanisa na ya vituo vya polisi, gesi ile ingeendelea kulala miguuni mwa dereva.

Ninataka hela yangu, na ninataka aje kuitoa hita yake mbele ya watu wale wale aliowachekesha.

Nalongo wa Ntinda alijibu:

Pole sana, ssebo. Kwangu mtu huyo alichukua hita ya bafu, ile inayochemsha maji yanapopita, ya wati 5,500, akaiunganisha na betri ya gari ya volti 12 kupitia inveta. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya ampea 450, na nyaya alizotumia zilikuwa nyembamba kama za spika za redio. Zilianza kunuka kabla maji hayajapata hata uvuguvugu. Nilipompigia simu alisema betri yangu haina moyo. Siku hizi ninapasha tangi usiku kwa umeme wa nyumbani, kwa hita ya kuzamishwa ya kilowati 3. Lita 400 zikipanda kwa digrii 30 huchukua karibu saa tano na kula takriban yuniti 14, na Yaka, ile mita ya kulipia umeme kabla, inalia, lakini ninalala nikijua kwamba hakuna kinachowaka moto ndani ya gari.

Ikweta Kayabwe alijibu:

Mkuu, nimesoma malalamiko yako yote na bado sijaelewa unachotafuta. Nchi yetu imepitiwa na ikweta, nawe unataka vifaa vya watu wanaoparura barafu kwenye magari yao kila asubuhi. Mama zetu walisafisha vioo kwa maji baridi na gazeti kuukuu, na vioo viling'aa. Vaa glavu uendelee na kazi.

Mwosha Vioo wa Kabale alijibu:

Ndugu wa Kayabwe, njoo Bunyonyi saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa umelala juu ya ziwa, uoshe vioo vya ghorofa mbili vilivyojaa vinyesi vya ndege na masizi ya jikoni, kisha uniambie habari za gazeti. Maji ya moto huachisha uchafu huo haraka, nayo ya baridi hutulazimisha kusugua mahali pamoja mpaka mikono inauma. Hata hivyo, hilo silo ninalolalamikia. Nilimwuliza mtu kuhusu moshi unaoua, naye akaniambia nifungue dirisha.

Aliyerudi kutoka Leeds alijibu:

Niliosha vioo Leeds kabla ya kurudi Mbarara, kwa hiyo naomba niseme ninachokifahamu. Kule, kukiwa na barafu, mpira wa maji huganda na kuwa mgumu, na maji yanayodondoka njiani hugeuka utelezi wa kuvunja miguu, ndiyo maana watu hubeba chumvi ya kunyunyiza. Hita za dizeli tulizotumia, za Webasto na Eberspächer, asili yake ni za kupasha injini kabla ya kuwashwa. Joto la maji yanayozunguka ndani ya hita huhamia kwenye maji ya kuoshea kupitia sahani za chuma, bila maji hayo mawili kuchanganyika. Hita ya kilowati 5 hupandisha lita 2 kwa dakika kwa takriban digrii 35, nawe usitafute zaidi ya hapo, kwa sababu kioo cha kawaida kinaweza kupasuka kikipata tofauti ya joto ya karibu digrii 40 kati ya sehemu moja na nyingine. Maji yanayochemka ni ya chai.

Kuna jambo ambalo fundi wako hakulifikiria, na ninaona na wewe ulipime kabla ya kununua nyingine. Nyingi za hita hizi za dizeli hufanya kazi bila marekebisho mpaka mwinuko wa takriban mita 1,500. Kampala hakuna shida. Kabale hewa ni nyepesi zaidi, dizeli itakuwa nyingi mno kwa hewa iliyopo, na hita itajaa masizi na kuzima. Mwulize muuzaji kama ina kifaa cha kurekebisha kulingana na mwinuko, na asipolielewa swali, ondoka. Halafu nunua king'ora cha kaboni monoksidi ukifunge garini, hata kama bomba la moshi limefungwa vizuri.

Mwosha Vioo wa Kabale alijibu:

Asante sana, ndugu. Hilo la mwinuko nitaliuliza. Unaona sasa tofauti ya mtu anayejibu swali na mtu anayesema "fungua dirisha"?

Kijana wa Bwera alijibu:

Mnazungumza hita, hita, na hakuna anayezungumzia tangi. Lita 400 ni kilo 400 kabla hujahesabu plastiki yenyewe. Mtu huyo huyo mwenye koti la kijani alilifunga tangi la kaka yangu kwa kamba ya katani, ile ya kufungia mbuzi, na kaka aliposhika breki kwenye kona za barabara ya Kisoro, tangi lilikuja mbele na kuvunja kiti cha abiria. Mungu aliweka mkono, kiti kilikuwa kitupu.

Ikweta Kayabwe alijibu:

Kamba ya katani? Basi ni yeye kweli! Aliniuzia pampu akaapa kwamba ni mpya, nami nilipoifungua nikakuta sabuni ya mtu mwingine imegandia ndani. Mpaka leo ananizungusha. Bwera, tangi la kaka yako lilikuwa limelala au limesimama?

Kijana wa Bwera alijibu:

Limesimama, tena bila vizuizi vya mawimbi ndani. Likiwa nusu, maji yanasukuma gari upande.

Nalongo wa Ntinda alijibu:

La kulala ni bora, mzigo unakaa chini. Langu limefungwa kwa fremu ya chuma iliyoshikwa na bolti zinazopenya mpaka kwenye chasi, kwa maana bati la sakafu peke yake huchanika.

Mwosha Vioo wa Kabale alijibu:

Ndugu zangu, ninawaomba turudi kwenye dohani. Hita bado imo garini mwangu na mtu huyu hapokei simu.

Ikweta Kayabwe alijibu:

Funga vali ya mtungi, utoe mtungi nje na uusimamishe wima, usimngoje yeye. Nalongo, fremu hiyo ulichomelewa wapi, na walikutoza shilingi ngapi?

Nalongo wa Ntinda alijibu:

Ndeeba, kwa kijana mmoja mtaratibu sana. Njoo na vipimo vya tangi lako, kwa sababu ukienda bila vipimo atakurudisha.