Die, perish, demise, expire... zote ni kufa tu? Mnazitofautishaje?

mtafsiri_chipukizi:
Habari zenu wadau. Naombeni msaada kwenye haya maneno ya Kiingereza ya kifo na ya mambo kuisha kwa ujumla, maana kamusi inanichanganya kweli. Natafuta die inaniambia kufa, perish kufa, decease kufa, expire kuisha muda AU kufa, demise kifo, alafu nikija kwenye kuanguka kwa mtu au serikali nakuta fall, downfall, collapse, ruin na demise ile ile imejirudia tena huko. Kwa Kiswahili najua kabisa siwezi kusimama mbele ya wafiwa niseme mzee "amekufa", ntasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki, sikio lenyewe linakwambia. Kwa Kiingereza sina hilo sikio. Natafsiri barua za rambirambi na taarifa za habari, kwahiyo naogopa kuweka neno ambalo mwenye lugha yake akisoma anaona namkejeli marehemu. Mnaojua mnachaguaje?

KalamuNzito:
Mkuu swali zuri. Kwanza ondoa hofu na die, hapo ndo wengi tunakwama, tunadhani uzito wake ni sawa na wa kufa letu. Sio hivyo. Kiingereza die ni neno la kawaida kabisa, gazeti linaandika "he died on Monday" na hakuna anayekunja uso, kwahiyo kwenye habari weka die bila wasiwasi. Pass away ndo inakaa karibu na kufariki kwa maana ya upole wake, hiyo ya kuongea na wafiwa na ya kwenye rambirambi.

Decease kama kitenzi achana nayo, haina maisha mtaani. Inayoishi ni "the deceased", na hiyo ni lugha ya polisi, mahakama na makaratasi ya mirathi. Ukimwandikia mjane "your deceased husband" hujamtukana ila anahisi barua imetoka kwa karani asiyemjua, wakati "your late husband" inabeba heshima yote unayoitaka.

Perish angalia aina ya kifo. Hiyo ni ya janga: moto, njaa, meli kuzama, baridi kali mlimani. Bibi aliyelala usingizi asiamke huwezi kusema she perished, ni sawa na kusema bibi ameangamia. Expire asili yake ni kutoa pumzi, kama sisi tunavyosema kukata roho, na kwenye rekodi za kitabibu unaweza ukaikuta mpaka leo, lakini msomaji wa kawaida akiiona anawaza paspoti, dawa na mikataba. Usimwandikie binadamu kwenye rambirambi hata kidogo. Na zile za kick the bucket, croak, bite the dust ni za utani, zisisogee karibu na msiba.

ticha_wa_sarufi:
Naongezea kitu ambacho naona hata watu waliosoma sana kinawapiga chenga. Kiswahili "amekufa" inabeba mambo mawili kwa mpigo, tukio la kufa na hali ya kuwa mfu. Kiingereza kimeyagawa: died ni tukio, dead ni hali. Ndo maana unakutana na "he is died" au "he was dead in 2010", mtu ametoa Kiswahili kichwani akakimwaga kwenye Kiingereza. Ukiwa na tarehe au mahali, ni died: he died in 2010. Ukieleza hali tu, he is dead, ila hiyo mbele ya wafiwa ni kavu mno, inakata. Pia angalia "my father is late", kwa Kiingereza sanifu hiyo ni kwamba baba kachelewa. Late ya marehemu lazima itangulie nomino, my late father.

Na ukitaja sababu, die of ndo ya ugonjwa, njaa, uzee. Die from utaiona zaidi kwenye majeraha japo mipaka yao inaingiliana, usikeshe hapo. Ajali ni die in an accident.

dawati_la_usiku:
Wewe unayetafsiri habari soma hii vizuri. Neno hatari kuliko yote hapo hujalitaja, ni CASUALTIES. Kila siku naona "50 casualties" imetafsiriwa watu 50 wamekufa. Sio!! Casualty ni aliyekufa au aliyejeruhiwa, na kwenye habari za kijeshi wanaingia hadi waliopotea na waliotekwa. Waliokufa peke yao ni fatalities au deaths, au unaandika tu people killed. Yaani kwa neno moja unaweza ukaua watu ambao wako wodini wanatibiwa na ndugu zao wanasoma habari yako, hii kitu inaniuma sana.

Fatal, lethal na deadly nazo uzichunge. Ajali ikiitwa fatal jua kuna mtu kafa tayari. Lethal ni uwezo wa kuua, silaha au sumu inaweza kuwa lethal hata kama haijamgusa mtu. Deadly inacheza pande zote mbili. Deathly ndo haiui kabisa, inafananisha tu, deathly silence ni ukimya kama wa kaburini.

Alafu murder usiitumie kabla mahakama haijasema. Murder ni kuua kwa kukusudia kisheria, manslaughter ni ya bila kukusudia, sasa kama kesi bado andika killed, hujamhukumu mtu.

mtafsiri_chipukizi:
Asanteni sana jamani, hiyo ya casualties nitaibandika ukutani. Bado demise na huko kwenye kuanguka, na late nayo, inatumika kwa marehemu yeyote hata wa karne zilizopita?

KalamuNzito:
Demise ina historia tamu. Ilianza kama neno la sheria, kuhamisha ardhi au mali kwenda kwa mwingine, kwenye mikataba ya kukodisha nyumba Uingereza ipo hadi leo. Mfalme akifa ufalme unahamia kwa mrithi papo hapo, hilo wanaliita "demise of the Crown", kwahiyo Malkia Elizabeth II alivyofariki tarehe 8 Septemba 2022 ndo lugha ya kisheria iliyotumika, kiti hakikukaa wazi hata dakika. Kutoka hapo ikageuka kuwa kifo chenyewe, ikaendelea mpaka kampuni, magazeti na vyama. The demise of the company iko safi kabisa. Kwa mtu wa kawaida inasikika ya kiofisi na ya mbali, kwenye rambirambi mimi siiweki.

Downfall inamhitaji mtu au utawala uliokuwa juu, mwenye nguvu au sifa, alafu akashuka kwa aibu, na anaweza kuwa hai na mzima. Tena inabeba na sababu: "greed was his downfall", tamaa ndo iliyomponza. Collapse ni kuporomoka kwa ghafla, daraja, benki, serikali, hata mtu kuzimia, na haimnyooshei mtu kidole. Ruin ni kile kinachobaki baada ya hapo, kufilisika, jina kuharibika, magofu. Doom iweke mbali na hizo, zamani ilikuwa hukumu tu, ndo maana kitabu cha kumbukumbu za ardhi cha mfalme William wa Kwanza wa Uingereza cha mwaka 1086 wakakiita Domesday, yaani siku ya hukumu, watu walikiona kama hukumu isiyo na rufaa. Siku hizi doom ni maangamizi yanayokuja na hayakwepeki.

ticha_wa_sarufi:
Kuhusu late, hapana, ni ya mtu ambaye kifo chake bado kiko karibu na kumbukumbu za watu walio hai. Hakuna anayeandika the late Shakespeare. Hakuna idadi ya miaka iliyowekwa, ila kwa mzazi au mwenza wako unaweza kusema my late mother maisha yako yote na hakuna atakayekusahihisha. Na kama msomaji anaweza asijue kwamba mtu kafariki, late inasaidia kumtaarifu kwa upole, sio lazima uanze sentensi nzima ya msiba.