Hela yangu ya dagaa inaonekana kabisa mtandaoni, wenye ufunguo wananiambia imepotea!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira kweli, mnivumilie.

Niko Kigoma, nanunua dagaa pale Kibirizi na kuvusha Kalemie. Mteja wangu wa upande wa Kongo ananilipa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayolingana na dola, maana kusafiri na dola mfukoni ndani ya boti ni roho mkononi. Mzigo wa mwisho kabla ziwa halijafungwa kwa uvuvi Mei 15 alibaki na deni la USDT 640, kama milioni moja na laki saba za kwetu. Akalipa mwanzoni mwa Agosti, nami nikahesabu kwamba ziwa likifunguliwa tarehe 15 mtaji upo.

Nilimpa anwani ya soko la kripto ninalotumia, nikiwa nimeikopi upande wa mtandao wa Ethereum, yaani ERC20. Yeye akaona makato ya huko makubwa, akachagua BEP20, mtandao wa BNB, ambao ni bei chee. Programu yake haikumzuia, kwa sababu anwani za mitandao hiyo miwili zinafanana, zote zinaanza na 0x. Angechagua mtandao wa Tron ingekataa palepale, kule zinaanza na T. Kosa ni letu, sikatai. Mimi sikumtajia mtandao, yeye hakuuliza.

Lakini hela haijapotea! Ukiweka namba ya muamala kwenye BscScan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao wa BNB, unaiona: 640 imetulia kwenye anwani ileile niliyopewa na soko, haijaguswa mpaka leo. Ingekuwa pochi yangu mwenyewe ningeongeza mtandao wa BNB, nikaweka BNB kidogo ya gesi, yaani ada ya muamala, nikaihamisha kabla chai haijapoa. Ila anwani ni ya soko, ufunguo wa siri wanao wao peke yao. Na ufunguo unaofungua anwani hiyo upande wa Ethereum ndio huohuo unaoifungua upande wa BNB.

Nikawaandikia soko. Siku ya kwanza nimejibiwa na roboti. Siku ya nne akaja mtu: "fedha zilizotumwa kwa mtandao usio sahihi zimepotea." Nikamtumia picha ya BscScan. Kimya wiki nzima. Akaja mwingine, huyu anasema kurejesha kunawezekana ila muamala wangu "haukidhi vigezo". Vigezo gani? Hasemi. Nikawaandikia wakate gharama yao humohumo, hata dola 50. Wakafunga tiketi! Nimefungua nyingine, leo ina siku 11.

Wangesema ni kazi ngumu na wana ada yao, ningelipa. Kuniambia imepotea wakati imelala kwenye anwani yao wenyewe ni uongo, tena kwa mtu anayedaiwa.

Nikashtaki wapi? Benki Kuu (BoT) ilishatangaza tangu Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini. Wakati huohuo Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya 3% kwenye mali za kidijitali. Kwenye kodi tunajulikana, ukidhulumiwa hujui ugonge mlango gani.

Halafu kuna hawa "wataalamu wa kurejesha" wa Telegram. Tangu niulize kwenye kundi moja wamejaa inboksi. Mmoja anataka dola 80 kwanza, mwingine anataka maneno 12 ya pochi yangu. Maneno yale yanafungua pochi yangu tu, anwani ya soko hayaihusu kabisa, kwa hiyo huyo anakuja kuiba hata kilichobaki. Naomba asije mtu PM na habari hizo.

Ninayemtafuta ni aliyewahi kurudishiwa BEP20 iliyoingia kwenye anwani ya ERC20 ya soko. Uliandikia idara gani, na ilichukua siku ngapi? Ziwa limefunguliwa, wenzangu wanapakia. Kina mama wawili wa Kibirizi walionipa dagaa kwa mali kauli tangu Mei wananipigia kila asubuhi, na sina cha kuwajibu zaidi ya "hela ipo, naiona".