Mattermost kwenye seva yenye tovuti tayari: ujumbe hauji mpaka ukurasa upakiwe upya

Mwenye_Seva: Wakuu, seva ni Ubuntu, RAM GB 2, Nginx (programu ya seva ya wavuti) inahudumia tovuti ya WordPress. Nimeongeza Mattermost (programu ya kuchati ya timu) kwa timu ya watu 15. Kwenye poti 8065 inafanya kazi vizuri. Nikiipitishia Nginx, naingia bila shida, lakini ujumbe mpya hauonekani mpaka nipakie ukurasa upya, na faili ya MB 3 inakataliwa kwa kosa 413 (ombi kubwa mno). Pia, niiweke kwenye njia ya /chati au sabdomeni (mfano chati.tovuti.com)?

kebo_nyeusi: Hayo ni matatizo mawili tofauti. Ujumbe hupita kwenye websocketi (muunganisho unaobaki wazi kati ya kivinjari na seva), na Nginx haipitishi vichwa vya Upgrade na Connection mpaka uviandike mwenyewe:

location ~ /api/v[0-9]+/(users/)?websocket$ {
proxy_pass http://127.0.0.1:8065;
proxy_http_version 1.1;
proxy_set_header Upgrade $http_upgrade;
proxy_set_header Connection "upgrade";
proxy_set_header Host $host;
proxy_read_timeout 600s;
}

Usiache Host, maana Mattermost hulinganisha asili ya ombi na anwani yake, zikipishana inakataa. Usipogusa proxy_read_timeout, Nginx hukata muunganisho uliokaa kimya sekunde 60. Maombi mengine yaende kwenye location / ya kawaida, yenye Host pamoja na X-Forwarded-Proto.

Kosa 413 ni la Nginx, siyo la Mattermost: kikomo chake cha awali ni MB 1. Weka client_max_body_size 100m; ndani ya server ya chati, kisha nginx -t kukagua usanidi, ndipo systemctl reload nginx.

mlinzi_wa_poti: Sabdomeni, mkuu. Njia ya /chati inawezekana, lakini kila kanuni ya location itabidi uiandike upya, na utagongana na kanuni za WordPress bure tu. Elekeza rekodi ya DNS, chukua cheti cha https kwa certbot --nginx -d na jina la sabdomeni, halafu kwenye config.json ya Mattermost andika SiteURL (anwani ya chati) kamili, pamoja na https. Ikikosewa, viungo vya mialiko kwenye barua pepe vitapeleka watu mahali pasipo sahihi.

ListenAddress (anwani ambayo Mattermost hupokelea maombi) nayo iwe 127.0.0.1:8065, yaani ndani ya seva tu. Ikibaki :8065 na ukuta wa moto uko wazi, mtu anaweza kuingia moja kwa moja bila TLS (usimbaji wa https).

kebo_nyeusi: Kweli, hiyo ya ListenAddress niliisahau. Ukishaibadilisha, washa Mattermost upya.

diski_ngumu: Mimi naihofia RAM. GB 2 kwa watu 15 zinatosha Mattermost ikiwa peke yake, lakini hapo kuna PHP, MySQL ya WordPress na PostgreSQL ya chati. Memori ikiisha, kerneli (kiini cha Linux) huua mchakato mmoja, mara nyingi hifadhidata, nawe utaona kosa 502 (Nginx haipati jibu) au WordPress ikilalamika haipati hifadhidata. Thibitisha kwa journalctl -k | grep -i oom. Tengeneza swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM) ya GB 2 na upunguze pm.max_children (idadi ya juu ya michakato) ya PHP-FPM, inayoendesha PHP.

Nakala rudufu: pg_dump -Fc (nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL) peke yake haitoshi. Faili walizopakia watu zimo kwenye folda ya data, kwa kawaida /opt/mattermost/data. Chukua vyote pamoja na config.json, na uvitoe nje ya seva hiyo.