Kwashakoo ni ukosefu wa protini tu? Sentensi hii ibaki vitabuni au iondolewe?

Mwalimu wa Baiolojia
Wakuu, salaam. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya lishe nakutana na sentensi ileile: kwashakoo ni ugonjwa wa kukosa protini, marasmasi ni ugonjwa wa kukosa chakula kwa jumla. Mwanafunzi akiandika hivyo anapata maksi zote. Mimi nasema sentensi hiyo imepitwa na wakati na iondolewe.

Ilikotoka kunajulikana. Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaica, aliueleza ugonjwa huu akiwa Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka 1933, na 1935 akaupa jina la kwashiorkor. Wakubwa wa tiba za kitropiki wakambishia, wakasema ni pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini ya niasini. Hugh Trowell wa hospitali ya Mulago, Kampala, naye aling'ang'ania pelagra kwa miaka, akawapa watoto vitamini ya pelagra, hawakupona. Maabara ndiyo iliyogeuza mambo. J.N.P. Davies alipochunguza maiti za watoto Kampala alikuta kongosho zimesinyaa, hasa zile seli zinazotengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula tumboni. Mwaka 1952 wenzake walikuwa wameshapima majimaji yanayovutwa kwa mpira kutoka mwanzo wa utumbo mwembamba wa mtoto mgonjwa: amilesi, laipesi na tripsini, yaani vimeng'enya vya wanga, mafuta na protini, ziko chini mno. Mtoto akitibiwa kwa maziwa, zinapanda. Sasa kimeng'enya ni protini, albumini ya damu ni protini, maziwa yana protini, kwa hiyo ugonjwa ni wa protini.

Vipimo sigombani navyo. Nagombana na hilo "kwa hiyo". Maziwa yana potasiamu na mambo mengine chungu nzima. Mwaka 1968 Gopalan wa Hyderabad, India, alionyesha kuwa watoto wanaokula chakula cha aina moja, wengine huvimba (kwashakoo), wengine hukonda (marasmasi). Mwaka 1980 Golden na wenzake kule Jamaica wakaonyesha uvimbe unashuka kabla albumini haijapanda, wakati ilidhaniwa upungufu wa albumini ndio unaoleta uvimbe. Hata tukisema watoto wa Buganda na Bukoba waliolishwa ndizi tupu walivimba kwa sababu ya protini, hao wa Hyderabad tuwaeleze vipi? Leteni hoja.

Mhaya wa Kashozi
Mwalimu, shikamoo. Nimesoma mpaka "Bukoba waliolishwa ndizi tupu" nikashindwa kuendelea. Nani kakwambia? Kwetu ndizi na maharage huingia chungu kimoja. Msimu wa senene mtoto anakula senene. Ziwa liko pale, dagaa wapo. Mmekaa mijini mnaandika habari za watu msiojua hata wanakula nini.

Kijana wa Tabata
Mkuu, punguza jazba, namba hazina kabila. Ndizi mbichi ina protini gramu moja na kidogo kwa gramu 100. Unga wa mahindi una gramu 8 hivi. Mla ugali hawezi kulingana na mla ndizi, hata ukasirike vipi.

Mhaya wa Kashozi
Unanijibu jambo nisilolisema. Nimesema ndizi NA MAHARAGE. Wachagga wana kiburu, nacho ni ndizi na maharage. Au na wao hawajui kulisha watoto?

Mwalimu wa Baiolojia
Ndugu yangu, usinilishe maneno. Sijasema Wahaya hawajui kulisha watoto. Nimesema "hata tukisema", maana yake nayataja maelezo ya watafiti wa zamani ili niyapinge. Turudi kwenye swali la vitabu.

Fundi Maabara
Kijana wa Tabata, namba zako zina walakini. Unalinganisha unga mkavu na ndizi ambayo zaidi ya nusu ni maji. Songa unga wako uwe ugali, uweke kwenye sahani, ndipo upime tena. Na wingi wa protini si kila kitu. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na triptofani, ambazo ni asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini. Hopkins na mwenzake Willcock waliliona tangu 1906: panya waliolishwa zeini ya mahindi kama protini yao pekee walikufa mapema, wakiongezewa triptofani wanaishi muda zaidi lakini hawakui. Ugali mtupu haumwokoi mtu.

Kuhusu mada: watu mnaongea kana kwamba Mulago walibahatisha. Kazi ya pale ilikuwa safi. Roger Whitehead na Rex Dean, 1964, walitumia kromatografia ya karatasi. Ufundi huo ulitoka Leeds, Uingereza, miaka ya 1940, kwenye kituo cha utafiti wa sufu, na ndio uliowapa Martin na Synge tuzo ya Nobel 1952. Frederick Sanger aliutumia kupanga asidi amino za insulini. Kampala wakautumia hivi: tone la damu ya kidole cha mtoto, unaliweka kwenye karatasi, kimiminika kinapanda kikivuta kila asidi amino kwa mwendo wake, unapaka dawa, madoa yanatokea. Kisha unalinganisha asidi amino ambazo mwili unajitengenezea na zile ambazo lazima zitoke kwenye chakula. Kwa watoto wa kwashakoo uwiano ulikuwa umepinda vibaya, na hata kwa wengine ambao macho hayajaona ugonjwa bado. Ukitaka kuwaita wapotoshaji, kwanza pima kama wao.

Mjukuu wa Mengo
Tone la damu ya kidole, sawa. Na zile sindano? Na vipande vya ini vilivyochukuliwa kwa watoto wachanga miaka ile? Nani alimwuliza mama? Bibi zetu walikuwa wanaogopa kupeleka watoto Mulago kwa sababu damu ilikuwa inachukuliwa na mtoto anarudi maiti. Leo tunasifu karatasi na madoa.

Fundi Maabara
Dada, mtoto aliyefika Mulago amevimba mwili mzima, ngozi imebanduka kama ameungua, alikuwa anakufa tayari. Wengi waliponea pale. Bila vipimo wangebaki kuitwa wagonjwa wa pelagra hadi leo.

Mjukuu wa Mengo
Umeniita dada, asante, lakini hujajibu. Nimeuliza nani alimwuliza mama.
Na mkitaka kuisifu Mulago, isifuni kwa Mwanamugimu, kituo cha lishe kilichoanzishwa 1965. Pale mama alifundishwa ekitobero: ndizi au viazi, maharage yaliyomenywa au karanga zilizotwangwa, mboga, vyote vinafungwa kwenye jani la mgomba vinaiva kwa mvuke. Chakula cha shamba lake mwenyewe. Hakuna kopo la maziwa wala karatasi ya madoa.

Mhaya wa Kashozi
Ndicho ninachosema. Ndizi na maharage. Asante sana, Mengo.

Nesi Mstaafu
Wanangu, niruhusuni mimi niliyewalea hao watoto wodini. Mtoto wa kwashakoo akiingia leo, hatumpi nyama wala mayai. Tunaanza na maziwa ya F75: nguvu kilokalori 75, protini gramu 0.9 tu kwa mililita 100. Kidogo kidogo, kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Tunamkinga na baridi, tunamkinga na sukari kushuka, anapewa dawa za maambukizi. Uvimbe unashuka, uso unarudi, mtoto aliyekuwa hataki hata kuguswa anaanza kuulizia chakula. Hapo ndipo tunamhamishia F100 yenye gramu 2.9. Kama ugonjwa ungekuwa njaa ya protini peke yake, hiyo F75 isingemtoa uvimbe. Mwalimu yuko sahihi.

Kijana wa Tabata
Kumbe protini ndiyo inayoua watoto! Tumedanganywa miaka yote.

Nesi Mstaafu
Mjukuu wangu, soma nilichoandika, usisome ulichotaka kuona. Mtoto mwenye ini na figo zilizochoka hawezi kubeba protini nyingi siku za mwanzo. Akipata nafuu anaihitaji kuliko wewe. Maneno kama hayo yako mama mmoja akiyaamini atamnyima mtoto maharage.

Msomaji wa Zamani
Watu mnawashambulia watafiti wa Mulago, lakini kosa kubwa lilifanyika kwenye ngazi za juu zaidi yao. Mwaka 1952 Brock na Autret waliandikia WHO na FAO, mashirika ya afya na ya chakula ya Umoja wa Mataifa, ripoti ya kwashiorkor Afrika. Mwaka 1955 likaundwa jopo la Umoja wa Mataifa la kushauri kuhusu protini. Mwaka 1968 ikatoka ripoti ya kuitahadharisha dunia kwamba janga la protini linakaribia. Fedha zikamwagwa kwenye unga wa samaki na vyakula vya viwandani. Kisha kamati ya FAO na WHO ikashusha makadirio ya protini anayohitaji mtoto, na pengo likayeyuka mezani. Mwaka 1974 Donald McLaren akaandika kwenye jarida la tiba la Lancet kwamba yote yalikuwa kuanguka kukubwa. Kilichopimwa kwenye utumbo wa mtoto Kampala kikageuzwa sera ya dunia. Hapo ndipo vitabu vyetu vilipookota sentensi ile, na ndiyo maana nasema iondolewe.

Mama Wawili
Mnabishana kuhusu mwaka 1952 na 1974. Mimi naulizwa leo kliniki kwa nini mtoto hana uzito, na jibu huwa ni moja: mama hujui kulisha. Nikachanganya uji wa lishe, mahindi, ulezi, soya, mchele, karanga, kila nilichoambiwa kina protini. Sasa nasikia karanga zina sumukuvu, sumu ya ukungu. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Tushike lipi? Kila ukija utafiti mpya, anayebebeshwa lawama ni mama.

Fundi Maabara
Mama, hapo nakuunga mkono. Hata sumukuvu na kwashakoo vimehusishwa na watafiti waliofanya kazi Sudan miaka ya 1980, ila haijathibitika kuwa ndiyo chanzo.

Mama Wawili
Nakushukuru, lakini wewe unazungumza ya maabara. Jirani yangu ana mtoto wa mwaka na nusu, kaachishwa ziwa kwa sababu mama yake ana mimba nyingine. Wiki hii miguu imejaa. Mama yake anafurahi, anasema mtoto kanenepa. Nesi, hiyo ni nini?

Mwalimu wa Baiolojia
Nesi, tafadhali mjibu huyu kwanza. Vitabu vitasubiri.

Nesi Mstaafu
Mama, nenda kwa jirani yako sasa hivi. Mshike mtoto miguu yote miwili, bonyeza upande wa juu wa kila unyayo kwa kidole gumba taratibu, hesabu sekunde tatu, achia. Kikibaki kishimo kwenye miguu yote miwili, huko si kunenepa. Ampeleke hospitali leo hiihii, asingoje kliniki ya mwezi. Njiani amfunike vizuri asipate baridi, na kama bado maziwa yanatoka amnyonyeshe, mimba haizuii. Asimlazimishe kula mayai wala nyama kabla ya kufika. Karanga za uji wako wewe chambua moja moja, zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, usidhani kukaanga kunaondoa sumu.

Mama Wawili
Nimeelewa, bibi. Natoka.